Maili 20,000 zilitaka kuishia kwenye blenda

Jumamosi niko zangu dukani Makoroboi hapa Mwanza napanga viatu vilivyofika juzi, mara mama mdogo huyo anaingia moja kwa moja kutoka Mwaloni, anauza dagaa pale Kirumba tangu mi niko darasa la nne, shikamoo yangu kaiitikia akiwa tayari ananipa simu. "Hebu nisomee mwanangu, hawa watu wa ndege wanasema wananipa blenda."

Nikasoma. Kumbe ni imeili ya shirika analopandaga akienda Dubai kufuata abaya, ana maili 20,000 kwenye akaunti, zile pointi wanazokupa kila ukisafiri nao, na zinakaribia kufa, sasa wamemwekea vitu vya kuchagua, pasi, begi, blenda, na chini kuna kitufe cha kukubali. Mama kidole kilishafika pale. Nikamwambia mama subiri kwanza, kaa hapa kwenye stuli, tupige hesabu.

Blenda ya aina ile Pamba Road unaipata kwa 160,000, mi mwenyewe nilinunua yangu pale. Gawanya kwa maili 20,000. Yaani kila maili moja wanamnunulia kwa shilingi 8. Mama akasema si bure lakini? Hapo ndo penye shida yenyewe, watu wengi tunaona pointi ni zawadi, kwa hiyo chochote tukipewa tunashukuru, wakati zile maili alishazilipia kwenye tiketi tano sita za Dubai, ni hela yake imekaa kwenye mfuko wa mtu mwingine na huyo mtu ndo anapanga leo anarudisha kwa bei gani.

Nikamweleza ya kwangu. Mwaka juzi kaka yangu alilazwa Johannesburg, simu imekuja Jumatano usiku, Ijumaa natakiwa niwe huko. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Kilimanjaro ilikuwa imeshapaa mpaka 2,090,000 kwa sababu ya haraka. Nikaingia kwenye akaunti yangu ya maili nikakuta ile ile safari wanataka maili 35,000 na kodi 340,000 taslimu. Sasa toa kodi kwenye bei ya tiketi inabaki 1,750,000, gawanya kwa 35,000 unapata shilingi 50 kwa kila maili. Programu yangu siyo ya mama, lakini hesabu ni ile ile, mmoja maili yake inamlipa 50 mwingine anataka kuitoa kwa 8.

Na hii hesabu ndo naomba uibebe, bei ya tiketi taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia maili, gawanya kwa idadi ya maili wanazotaka. Basi. Usisahau kutoa zile kodi, maana kuna mashirika tiketi ya maili inakuja na tozo kubwa mpaka unajiuliza umesaidiwa nini.

Ila sikiliza, safari ile ile ya Johannesburg ningeipanga miezi miwili kabla bei ilikuwa 1,215,000. Ukitoa kodi na kugawanya inakuja shilingi 25 tu. Hapo mi nisingegusa maili, ningelipa taslimu, maili zangu zikae na nyingine ziongezeke. Kwa hiyo maili mi naziweka kama akiba ya dharura, ya ugonjwa, ya msiba, zile safari zetu ambazo hazina taarifa na ndo ndege wanakukamua. Hii inafanya kazi kwa programu yenye jedwali la bei ya maili lisiloyumba sana, zipo nyingine maili zinapanda pamoja na bei ya tiketi na huko haraka yako utailipia vile vile. Halafu viti vya maili ni vichache, usikae mpaka jioni ukifikiria.

Sasa hizo maili zinapatikanaje, maana wafanyabiashara wa Mwanza tunaosafiri ni wengi sana na wengi hata akaunti hawana. Kujiunga ni bure. Mi Guangzhou naenda mara mbili kwa mwaka, napanda Ethiopian kupitia Addis Ababa, na Ethiopian wako Star Alliance tangu 2011, huo ni umoja wa mashirika ya ndege, na humo humo wamo Turkish, EgyptAir na South African Airways, maana yake hata nikipanda Turkish naweza kutoa namba yangu ile ile ya ShebaMiles, programu ya maili ya Ethiopian, maili zikaingia sehemu moja. Kenya Airways wao wako umoja mwingine, SkyTeam, Qatar wako wa tatu, oneworld, Emirates wanajitegemea. Ukipanda leo huyu kesho yule, unakuwa na vimaili elfu tatu hapa elfu nne pale, hakuna hata kimoja kinachonunua tiketi.

Na kwa mfanyabiashara faida kubwa wala siyo tiketi ya bure, ni mzigo. Ukisafiri sana mpaka ukafika ngazi ya Gold kwenye Star Alliance unaongezewa begi moja zima pale wanapohesabu mabegi, au kilo 20 pale wanapohesabu kilo. Begi la kilo 23 la sendo za kike kutoka Guangzhou anayejua biashara anajua ni hela gani, hapo sijagusa bei ya kilo za ziada wanazokuchaji kaunta na foleni nyuma yako inakuangalia.

Lakini kuna mahali niliumia na naandika ili wewe usiumie. 2019 safari nzima ya China haikuingia hata maili moja. Wakala aliyenikatia tiketi alitumia jina la pasipoti, jina la ukoo la baba, akaunti yangu mi nilifungua kwa jina la mume. Nikaandika kudai, wakanijibu majina hayafanani, nitume bodingi pasi, na bodingi pasi nilishazitupa hotelini. Safari ya masaa yote yale. Toka hapo majina yanafanana herufi kwa herufi, namba ya uanachama naisoma mwenyewe kwenye tiketi kabla sijamlipa wakala, na bodingi pasi napiga picha hata kama zimekunjamana, kwa sababu mashirika mengi yanakupa miezi kadhaa ya kudai safari iliyopita ila ushahidi ni juu yako.

Jingine ni tiketi za ofa. Ile promosheni ya bei ya kutupa ina herufi yake ya klasi kwenye tiketi, na kuna herufi zinakupa robo tu ya maili za safari, nyingine hazikupi kabisa. Sisemi usinunue, tiketi ikishuka laki tatu hakuna maili zitakazofidia hiyo laki tatu, nunua. Nasema ujue tu umenunua nini.

Ofa za kununua maili nazo, nunua 10,000 upewe nyingine 10,000. Zinavutia jamani. Chukulia 10,000 wanauza dola 300, na bonasi unapata 20,000, kila maili senti moja na nusu ya dola, ukiweka dola kwa 2,500 ni kama shilingi 37 na nusu. Safari ya kawaida nimekuonyesha inakulipa 25, umenunua kwa 37 uuze kwa 25. Mi nanunua siku moja tu, nikiwa nimebakiza kidogo kufikia tiketi ninayoijua, tarehe ninayo na kiti nimekiona.

Kwenye kadi za benki nitasema kwa ufupi kwa sababu hapa kwetu kadi ya mkopo yenye pointi bado ni za wachache, wengi tuna kadi ya kawaida au tunalipa kwa lipa namba. Kama unayo, lipa deni lote kila mwezi, LOTE. Chukulia umenunua mzigo wa milioni 2, kadi inakupa pointi za thamani ya 20,000, ukachelewa mwezi mmoja na riba ni asilimia 3, hiyo ni 60,000 imeondoka. Na duka likikuongezea asilimia 2 au 3 kwa sababu umelipa kwa kadi, toa taslimu mama, pointi hazifiki huko. Pia ukilipia kwa kadi ya shilingi kitu cha dola au yuan, uliza benki inabadilisha kwa kiwango gani, mara nyingi pointi zote zinaishia hapo na hujui. Mi kadi naitumia kwa tiketi na hoteli tu, ambavyo ningelipa hata bila pointi.

Turudi kwa mama mdogo. Nikamuuliza maili zinakufa lini, maana kila shirika na utaratibu wake, Emirates wanakupa miaka mitatu mpaka mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, Avios, ndo maili za Qatar, zinakaa miezi 36 na ukiingiza au kutumia chochote zinaanza kuhesabiwa upya. Ya mama ni hiyo ya mwezi wa kuzaliwa, haiongezeki, na pasipoti yake inasema kazaliwa Julai. Kwa hiyo ni kutumia tu. Tukatafuta Dar kwenda Dubai, safari ya kwenda peke yake, taslimu 850,000, kwa maili ni zile zile 20,000 na kodi 210,000. Shilingi 32. Siyo 50, lakini huko Dubai alikuwa anaenda tu kabla ya Ramadhani, na zikikaa zinakufa, mi nikaona hapo panatosha.

Kiti kilikuwepo Jumanne. Kodi tukalipa kwa kadi yangu, ile namba ya kuthibitisha ikachelewa, mtandao wa pale Makoroboi mchana mnaujua, mama amesimama mlangoni anaangalia simu kama anaangalia mizani. Ikakubali. Nikaiprinti stationari ya jirani, akaisoma jina lake mara mbili nikiwa nimemshikia pasipoti pembeni, akaikunja akaitia kwenye pochi, akaniambia wabeja, ndo asante ya Kisukuma, mwanangu, nauli ya kurudi Dar nitalipa taslimu, nipate maili nyingine. Akachukua bodaboda kurudi Mwaloni, kuna lori la Congo lilikuwa linamsubiri amalizie magunia.