Nilivyoisoma falsafa ya muziki kwa wimbo mmoja wa taarabu

Nilipoanza shahada ya uzamili ya falsafa na ujumi wa muziki, yaani nadharia ya uzuri wake, huko Uingereza, sikujua kusoma nota. Wenzangu wengi walipiga piano tangu utotoni. Mimi nilitokea falsafa, na muziki niliokuwa nao ni taarabu ya Unguja niliyokulia. Wadogo zangu kadhaa wananiuliza kama mtu asiyepiga ala anaweza kuimudu fani hii. Anaweza.

Nota nilijifunza kiasi cha kuifuata sauti kwa kidole kwenye karatasi huku muziki unapigwa, na kwangu hicho kilitosha. Kinachobana hasa ni hoja. Vitabu vimejaa mifano ya Beethoven na Brahms, na msomaji anachukuliwa kuwa anaisikia kichwani. Nikajiwekea utaratibu: kila nadharia niipeleke kwenye wimbo mmoja wa taarabu ninaoujua ubeti kwa ubeti, nione kama inasimama.

Wa kwanza kunipa kazi alikuwa Eduard Hanslick, mhakiki wa muziki. Mwaka 1854 alidai kwamba uzuri wa muziki umo katika sauti zenyewe na mpangilio wake, haumo katika hisia zinazosemwa kuwa muziki unazieleza. Anauchukua wimbo wa mtunzi Gluck ambamo Orpheus anamlilia mkewe Eurydice aliyempoteza, kisha anaonyesha kwamba sauti ileile ingeyabeba vizuri tu maneno ya mtu aliyempata. Nikafanya vivyo hivyo chumbani. Nilichukua ubeti wa malalamiko, mistari mitatu yenye mizani 16 kila mmoja, nikatunga mwingine wa shukrani kwa vina vilevile, nikauimba. Ukakaa bila taabu. Hapo Hanslick ameshika pazuri.

Lakini taarabu haiishii kwa mwimbaji. Ubeti fulani unapoanza, mama mmoja anainuka, anakwenda mbele taratibu na noti mkononi, anatunza huku amemkazia macho mtu aliyeketi safu ya pili. Mwimbaji anaurudia ubeti. Maneno yaliyotungwa kuwa kilio cha mpenzi sasa ni kijembe kwa jirani, na ukumbi mzima umeelewa. Hisia iliyosikika hapo ni ya nani? Mwanafalsafa Peter Kivy, mwaka 1980, aliifananisha huzuni ya muziki na uso wa mbwa wa aina ya Saint Bernard: sura ni ya huzuni, mbwa mwenyewe hana huzuni yoyote. Mfano huo naupenda mpaka leo, ila yule mama haumpi nafasi. Tasnifu yangu ilizaliwa hapo.

Mwanafalsafa mwingine, Nelson Goodman, nilibishana na hoja yake zaidi. Mwaka 1968 aliandika kwamba ukikosea nota moja tu, ulichokipiga si kazi ile tena. Kwa kipimo hicho, Bi Kidude, aliyeziimba nyimbo za Siti binti Saad kwa namna yake mwenyewe, hakuwahi kuziimba! Aliyenifungulia njia ni mwanafalsafa Lydia Goehr. Kitabu chake cha 1992 kinaeleza kwamba dhana ya kazi ya muziki kama kitu kilichokamilika ilianza kutawala Ulaya karibu na mwaka 1800. Kumbe sikulazimika kuiingiza taarabu humo kwa nguvu. Hata santuri ambazo Siti alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 zilihifadhi uimbaji wa siku ile, na nyimbo zikaendelea kubadilika midomoni mwa watu.

Kwa wanaoanza, mwanafalsafa Kant na kitabu chake cha 1790 kuhusu uamuzi msimkimbie. Nilikisoma kifungu kwa kifungu, nikafunga kitabu, nikaiandika hoja kwa Kiswahili kama ninavyomweleza dada yangu. Palipokwama kalamu ndipo nilipokuwa sijaelewa, nikarudi kusoma.

Siku ya kuitetea tasnifu niliwapigia watahini kipande kilichorekodiwa, chenye ubeti uliorudiwa kwa ajili ya mtunzaji. Wakaniuliza: kama yeye ndiye anayegeuza maana, si naye ni mtunzi? Tulibishana hapo kuliko penginepo. Jibu langu ni kwamba hatungi. Anayachukua maneno ya mwingine na kuyasema kuwa yake, mbele ya mashahidi, na wimbo umetungwa kwa namna inayomwachia nafasi ya kufanya hivyo. Sura hiyo ndiyo ninayoiandika upya sasa.