Damu Isiyo na Uchungu

Niliamka saa tisa usiku nikidhani nimejikojolea. Kuwasha taa, leso niliyojifunga kiunoni imeloa damu nyekundu ya kung'aa, kama ya kuku aliyechinjwa sasa hivi. Mimba ilikuwa ya wiki 33. Tumbo lilikuwa laini, mgongo hauniumi, na mtoto anacheza kama kawaida.

Tulikuwa tukiishi Kayole, Nairobi. Jirani aliposikia vishindo alikuja mlangoni. "Mama Neema, kama huna uchungu, bado hujafika. Lala, asubuhi uende kliniki." Amezaa wanane, simlaumu. Mwenyewe nilitaka sana kumwamini. Kwetu uchungu ndio kuzaa, na usiku ule neno hilo nusura liniue.

Kilichonitoa nyumbani ni mstari mmoja kwenye kitabu cha kliniki. Nikiwa na miezi mitano, aliyenipiga picha ya tumbo aliandika kwamba kondo la nyuma limekaa chini, nirudie picha wiki ya 32. Alisema mara nyingi hupanda lenyewe kadiri kizazi kinavyokua. Sikurudi. Pesa ya picha tulilipia kodi. Baba Neema aliusoma mstari ule kwa tochi ya simu, akatoka mbio kutafuta teksi.

Hospitalini, daktari kijana alikuwa ameshavaa glavu anipime njia. Sista mmoja wa makamo akafungua kitabu changu, akamshika mkono. "Huyu hapimwi njia! Soma hapa kwanza."

Baadaye alinieleza. Kondo langu lilikuwa limeziba mlango wa kizazi. Mlango ukianza kulegea, kondo linabanduka na damu inatoka bila maumivu. Kidole kikiligusa, damu inaweza kufoka isishikike. Kovu la upasuaji niliozalia Neema lilikuwa limeniongezea hatari hiyo, na nyingine juu yake: wakati mwingine kondo hujishikiza kwenye kovu lisitoke kabisa, mama akaishia kuondolewa kizazi. Hilo nililisikiliza nikiwa nimelala chali, nimekumbatia tumbo kwa mikono miwili.

Kutoka damu kulipungua. Nikachomwa sindano nne za kukomaza mapafu ya mtoto, moja kila baada ya saa 12. Hemoglobini ilikuwa 8, yaani damu mwilini ilikuwa chache. Baba Neema akawaleta ndugu zake kutoka Kawangware kutoa damu, na Mungu awabariki, maana siku ya tano ilifoka tena hadi ikachuruzika sakafuni. Nilikimbizwa thieta.

Mvulana, kilo 1.9. Sikumsikia akilia. Siku sita alikuwa nasari ya watoto wachanga kwenye oksijeni, na kila akivuta pumzi ngozi inadidimia chini ya mbavu, naona kila mfupa. Mimi nilikuwa nimeongezewa damu painti tatu, lakini hatua kumi tu naona giza. Nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu kwenda kumtazama. Maziwa nayo yalichelewa, nikakamua matone ya kujaza kijiko.

Siku ya saba sista yule alikuja na leso yangu. Ilikuwa imefuliwa, doa limebaki hafifu pindoni. Akamlaza mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja.

"Mama, usimtoe hapo. Wewe ndiye joto lake."

Nikaanza kuhesabu pumzi zake shingoni mwangu. Nilipofika mia mbili na kitu, usingizi ukanichukua.