Ng'ombe wa Pemba na Akili Mnemba

Msimu wa karafuu wa 2023, binti wa kaka yangu alikuja Wete likizo kutoka chuoni Unguja. Jioni moja tumekaa jamvini tunachambua, redioni wanazungumzia akili mnemba. Jina hilo nililisikia kila pahala tangu ilipotoka ChatGPT, ile programu inayojibu maswali kwa maandishi, Novemba 2022, na sikulijua ndani wala nje. Mimi ni mshoni, kompyuta sijawahi kuikalia. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nieleze mpaka nifahamu."

"Shangazi, mimi ulinifundisha vipi kuchambua karafuu?"

Kwa kumuonesha tu. Hii karafuu, hili konyo, huu mpeta. Akikosea namrekebisha, rundo kwa rundo, hadi vidole vikawa vinajua vyenyewe. Programu za zamani, alisema, mtu alikaa akaziandikia kila kanuni. Hizi za sasa za akili mnemba hupewa mifano mingi mno, na kila zikikosea, tarakimu zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo, tena na tena, mpaka makosa yapungue. Jina lenyewe, kwa Kiingereza "artificial intelligence", lilitolewa na mtaalamu wa kompyuta John McCarthy na wenzake, waliokutana Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Nilishangaa. Kumbe lina umri mkubwa kuliko Mapinduzi yetu ya 1964!

Kisha akanitazama, akasema, "Haraka haraka…"

"Haina baraka," nikamalizia.

"Basi, ndivyo zinavyoandika. Zimesomeshwa maandishi ya dunia nzima, zikajua neno gani hufuata jengine. Zinakisia kipande kimoja, halafu kinachofuata."

Hapo ndipo nilipofahamu khasa. Nikataka kuijaribu. Akafungua programu moja kwenye simu, nami nikamwambia aiulize habari za mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Ikajibu mara moja, kwa Kiswahili kizuri, bila ya kusita: mchezaji huingia na upanga, na mwisho ng'ombe huuawa mbele ya watu.

Moyo uliniuma. Nimeuona mchezo huo tangu mtoto. Ng'ombe hufungwa kamba, zumari inalia, vijana wanamchokoza kwa nguo wakikimbia, na ukimalizika ng'ombe anarudi kwa mwenyewe mzima. Wengi husema tumeurithi kwa Wareno, lakini kuua hakumo.

"Imetoa wapi uongo huu?"

"Haikukusudia uongo, shangazi. Mchezo wa ng'ombe wa Hispania umeandikwa sana, wetu umeandikwa kidogo. Ikakisia kule kwenye maandishi mengi."

Nikamtaka aikosoe. Akaandika, nayo ikaomba radhi vizuri kabisa. Akafungua mazungumzo mapya, akauliza swali lile lile. Upanga ukarudi! Akanieleza kwamba kusoma kwake kulikwishamalizika kabla ya sisi kuishika. Tunayoiambia humo hayaibadilishi tarakimu zake pale pale. Labda watengenezaji waisomeshe upya, na waisomeshe yaliyoandikwa.

Jawabu hilo lilinikaa kuliko yote ya usiku ule. Wazee wetu wanaojua mambo haya wanayo vichwani, na kila mwaka tunawazika. Karafuu zilikuwa bado nusu pakacha, nikaziacha. Nikamwambia alete daftari na kalamu, tuanze na kamba: inafungwa vipi, nani anaishika, na zumari inaanza wakati gani.