Tableti ya Mwalimu wa Nansio

Siku hizi kila mtu anasema kishikwambi, neno lililoenea mtaani na sensa ya 2022. Mwaka 2016, nilipokuwa nauza simu karibu na Makoroboi hapa Mwanza, tulisema tableti tu. Niliuza tisa za kampuni moja ya ng'ambo ambayo sitaitaja. Shilingi 280,000, kava bure.

Zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Chaji ilikaa na kioo kilikuwa kigumu. Ila nilichopenda kukitaja zaidi mbele ya mteja ni kwamba unachoandika humo kinajihifadhi chenyewe kwenye akaunti yako, huko huko kwa kampuni. "Hata ikidondoka ziwani, Mwalimu," nilimwambia mama mmoja mwalimu mstaafu wa Nansio, Ukerewe, "vitu vyako vyote vipo." Alikuwa mwekahazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akahesabu noti mara mbili.

Alirudi Jumamosi moja ya mwezi wa saba, na meli ya asubuhi. Tableti aliifunga kwenye kitenge, kikapu kimoja na sangara wa kukaushwa aliompelekea ndugu yake Igoma, kwa hiyo nilipoishika ilinukia moshi na samaki.

Mjukuu alikosea mchoro wa kufungulia mara nyingi, ikajifunga. Kijana wa simu pale Nansio akashika kitufe cha sauti na cha kuwashia kwa pamoja, akaifuta yote ianze upya. Kwa tableti nyingi hilo si jambo la kumtoa mtu kisiwani. Hii ikishafutwa haikuruhusu kuingia mpaka kwanza ipige hodi kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya walioitengeneza. Niliiwasha. Ikaonyesha tarehe 1 Januari 2010. Nikairushia intaneti ya simu yangu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba seva haipatikani, jaribu tena baadaye.

"Baadaye lini?" Mwalimu akauliza.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu mwezi wa tano, tovuti yao ilipoacha kufunguka na msambazaji wetu wa Kariakoo akaniambia kwenye simu, bila hata kupunguza muziki dukani kwake, kwamba wale jamaa wamefilisika. Na nilifanya nini? Nilishusha bei ya zile mbili zilizokuwa zimebaki. Moja ikaondoka wiki hiyohiyo.

Usiku wa siku ile nilikesha nasoma, nikitafuta watu waliowahi kupatwa na haya wakapona. Niliwakuta wenye TouchPad, tableti ya kampuni ya kompyuta ya HP. Iliingia sokoni Julai 2011, na kabla Agosti haijaisha HP wakaiacha. Ya gigabaiti 16 iliyoanzia dola 499 ikatupwa kwa dola 99. Januari 2015 wakazima na seva zake. Lakini wale walikuwa wengi, na kati yao walikuwamo wajuzi wa programu waliotafuta njia ya uani wakaiwekea Android. Tena HP yenyewe ilikuwa hai, iliua mtoto mmoja tu. Sisi mzazi ndiye aliyekufa. Nikasoma na habari za foleni ya wadai: kampuni ikifilisika, benki yenye dhamana hutangulia, mishahara na kodi huwa na nafasi zake, na mwenye kikaratasi cha waranti anasimama nyuma na wengine wasio na dhamana. Chungu kikimfikia, mara nyingi kimeshakombwa.

Nikampeleka Mwalimu kwa fundi, kibanda cha tatu kutoka kwetu.

"Ngosha, kuflashi naweza," fundi akasema bila kuinua macho. "Faili liko wapi?"

Kuflashi ni kuipandikizia mfumo upya, na faili la mfumo lilikuwa kwenye tovuti ileile iliyokufa. Kufuli la ndani nalo lilitaka namba inayotolewa na kampuni. Akafungua mgongo, akatuonyesha betri imeanza kuvimba pembeni. "Hii nakupachikia ya kampuni nyingine, nusu saa tu." Hapo ndipo paliponiuma. Kioo kizima, chaji inaingia, na hata betri ina dawa.

Hisa za wanachama zisingepotea, maana kila mama alikuwa na kitabu chake chenye mihuri. Mikopo ndiyo ilikuwa balaa. Nani kakopa, karejesha kiasi gani, kabakiza nini, yote hayo Mwalimu aliyaandika humo tu. Aliniamini mimi na ziwa langu.

"Nipe anwani yao," akasema. "Nitawaandikia barua."

Nikageuza boksi, nikaanza kuinakili anwani kwenye risiti. Nilifika kwenye namba ya sanduku la posta nikashindwa kuendelea. Nikamweleza yote, na mwezi wa tano pia.

Alinyamaza muda. Mwalimu akikunyamazia, hata uwe na miaka thelathini unarudi darasa la tatu.

"Kwa hiyo mimi nakudai wewe," akasema.

Bosi alikuwa Geita. Nikatoa kabatini ile ya mwisho, ya maonyesho, ambayo baadaye nilikatwa mshahara miezi miwili kuilipia. Hiyo ilikuwa imeshasajiliwa zamani, kwa hiyo ingefanya kazi ili mradi asitokee wa kuifuta. Safari hii nilisema kila kitu: kitakachoandikwa humo kitakaa humo tu, hakuna akaunti, hakuna wa kumpigia simu.

Aliigeuzageuza. "Yule kijana alibonyeza wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na hiki cha sauti kina kazi gani nyingine?"

"Kuongeza na kupunguza sauti tu, Mwalimu."

"Sauti sina shida nayo. Kizibe."

Fundi akadondosha tone moja la gundi. Meli ilikuwa saa nane. Mwalimu akakaa kwenye stuli yangu akiipuliza ikauke, na huku anapuliza akanituma nikamnunulie kaunta buku la kwaya mbili, kwa hela yangu.