Nilivyosoma Vipimo vya Homoni Kabla ya Kupandikiza Mimba

Majibu ya AMH, homoni ya ovari inayoashiria akiba ya mayai, niliyopewa na maabara moja ya Upanga yalisomeka 1.1, na yale ya Mikocheni, wiki chache baadaye, yakasomeka 7.9, mume wangu alifurahi mno. Daktari alizungushia kalamu herufi ndogo zilizo pembeni mwa namba: karatasi ya kwanza ilihesabu nanogramu kwa mililita, ya pili pikomoli kwa lita, na nanogramu moja ya AMH kwa mililita ni sawa na pikomoli 7.14 hivi kwa lita. Kiasi kilikuwa kilekile.

Tangu siku hiyo kila namba niliiulizia kwanza inatabiri nini. AMH hukadiria wingi wa mayai yatakayovunwa baada ya sindano za kuchochea ovari, nayo hupimwa siku yoyote, tofauti na FSH, homoni ya ubongo inayochochea ovari kukuza mayai, ambayo hupimwa siku ya pili au ya tatu ya hedhi pamoja na estradioli, homoni ya kike. Hakuna kati ya hizo inayosema kwa uhakika kama mtoto atazaliwa. Umri wa mwanamke, unaoamua kwa sehemu kubwa ubora wa mayai, una uzito zaidi, na huo hauuzwi duka la dawa.

Kwenye antioksidanti, yaani virutubisho vya kupunguza molekuli kali za oksijeni mwilini, ndiko fedha zetu zilikokuwa hatarini. Wifi yangu alileta kutoka Kariakoo mfuko wa chupa za vitamini E, seleniamu, zinki na koenzaimu Q10, akasema, "Wifi, hizi zinasafisha kizazi, na kaka naye anywe." Nilimshukuru, nikazipeleka kwa daktari. Alieleza kwamba wazo lina msingi, kwa kuwa molekuli kali za oksijeni zikizidi huharibu utando na vinasaba vya mbegu za kiume, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wenzi 2,370, ulionyesha kuwa zinki na asidi ya foliki walizopewa wanaume hazikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa. Mume wangu alitakiwa kuacha sigara. Mimi nilibaki na foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ya kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Vidonge vyangu vya nywele vyenye biotini, aina ya vitamini B, niliviacha kabla ya kupimwa tena, maana dozi kubwa huweza kupotosha majibu ya homoni.

Mayai yalivunwa machache, kama AMH ilivyoashiria, na kwa kuwa tulilijua hilo mapema, tulikuwa tumeshakubaliana na daktari kwamba hata kikipatikana kiinitete kimoja, yaani yai moja lililorutubishwa na kuanza kukua, kitapandikizwa.