Nilifuata banjo mpaka Beacon

Nilitoka New Jersey alfajiri nataka nione alipoishi Pete Seeger, yule mwimbaji wa Kimarekani aliyepiga banjo, chombo cha nyuzi, nikapanda treni New York bila tiketi nikijua nitalipia humo humo, kumbe ukikatia ndani unaongezewa hela, na ile nyongeza peke yake ni chakula cha mchana, iliniuma sana. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi niko Beacon, mji alioishi.

Ukishuka stesheni kuna bustani kando ya mto Hudson, imepewa jina lake na la mkewe Toshi. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa magogo huko mlimani, alianza 1949, sikwenda, kwa watu hakuendwi hivi hivi.

Pale bustanini nikamkuta mzee wa Kizungu kakaa na banjo yake. Nikamsalimia, tukaongea, mara kanipakatisha ile banjo. Yaani ngozi imewambwa kama ngoma, nyuzi tano, na ule wa tano mfupi unaanzia katikati ya shingo, unaupiga kwa kidole gumba, na hicho kidole ndicho kilichonishinda karibu saa nzima, mzee ananishika mkono ananirudisha mwanzo, wala hachoki. Akasema chombo hiki asili yake ni kwenu. Nikamwambia sio kwetu Mombasa, ni Afrika Magharibi, watumwa ndio waliovuka na ujuzi wake. Akakubali.

Mzee huyo alimsikia Seeger utotoni, kwenye kambi ya watoto. 1955 Seeger aliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani kuulizwa habari za ukomunisti akakataa kujibu, 1961 akahukumiwa mwaka mmoja jela, 1962 hukumu ikafutwa, ila miaka hiyo tivii zilimfungia mlango, basi akawa anazunguka na banjo begani, vyuoni, mashuleni, kambini, popote watakapomsikiliza. Baadaye Seeger na wenzake wakachangisha kwa matamasha wakaunda jahazi la futi 106, Clearwater, likashushwa majini 1969, watu wapande wauone mto wao ulivyochafuliwa.

Jahazi! Nilipoona maji yale yanapwa na kujaa hata huko mbali na bahari nikamkumbuka babu, alivyokuwa akisafiri na udi wake kupiga kwenye maharusi, Lamu, Malindi, mpaka Tanga, anarudi na kanga za bibi. Alipofariki udi ukauzwa, na sisi hatuna hata kaseti moja ya sauti yake.

Kabla treni ya kurudi haijafika nikampigia mama, udi wa babu aliuziwa nani? Akanyamaza kidogo, akasema aliuchukua mtu wa Majengo, ngoja amuulize mjomba.