Mkutano Usio na Bango

Ukitafuta mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Nakuru, usizunguke ukitafuta bango. Watu hukutana kwenye ukumbi wa kanisa au darasa la kukodi, mlango umeegeshwa, na mpita njia atadhani ni chama cha akina mama. Naandika kwa sababu najua kuna mtu pale Kaptembwa au Section 58 anayetaka kuacha pombe, hajui aanzie wapi, na kumuuliza jirani hathubutu.

Anza hospitali. Kliniki ya afya ya akili, au mshauri nasaha anayeshughulika na waraibu, mara nyingi anajua kundi linakutana siku gani. Laini ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure. Na kama unakunywa kila siku, usiache ghafla kabla ya kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mpigo unaweza kuanguka kifafa, mtu akaweweseka, hata akafa. Hili watu wetu hawaambiwi vya kutosha. Mtu hufungiwa chumbani na ndugu zake eti jasho limtoke, nao hawajui wanamweka hatarini.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule. Asubuhi nilikuwa siwezi kutia uzi kwenye sindano mpaka kwanza nitoe loku, yaani ninywe kidogo mikono itulie. Nesi aliitazama mikono yangu kabla sijafungua mdomo. Akanipeleka kwa daktari, nikapewa dawa za kuvuka siku za mwanzo, na nilipotulia akaniandikia kwenye kikaratasi siku, saa na mahali pa mkutano.

Lilikuwa darasa la chekechea. Viti vya plastiki vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, irabu zimebandikwa ukutani, thamosi ya chai dirishani. Nikakaa karibu na mlango. Mtu anataja jina lake la kwanza tu, anasema ni mlevi, kisha anaeleza yaliyompata na anavyoishi sasa. Hakatizwi wala hapewi mawaidha. Zamu yangu ilipofika nikasema leo nasikiliza tu, wakaitikia "karibu", wakaendelea. Kikapu kilipopita, mzee aliyekaa kando yangu akanizuia mkono kwa upole: mgeni hatoi. Ada hakuna. Wanachochanga ndicho kinacholipa chumba na kununua majani chai, na sharti la kujiunga ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. AA ilianzia Akron, Marekani, mwaka wa 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, walipogundua kuwa mlevi husaidika akizungumza na mlevi mwenzake.

Lakini najua kinachokuzuia si viti wala chai. Ni kuonekana. Nakuru ni jiji tangu 2021, ila mitaani bado tunajuana. Nami siku ile niliinua macho nikakutana na uso wa baba wa mtoto ninayemshonea. Nilitamani kutoka mbio. Wiki iliyofuata akaja kibandani na suruali ya kijana wake, imekuwa fupi. Nikapima, nikamwambia pindo lina inchi mbili za kushusha, akauliza bei, tukapatana. "Asante, fundi." Akaenda zake. Hakukonyeza, hakuninong'oneza. Hapo ndipo nilipoamini kuwa ya mle ndani hubaki mle ndani, na mkutano uliofuata nikaongea. Ndiyo sababu hata hapa sijitaji jina: desturi yetu ni kutojitangaza mbele ya umma.

Wachungaji waliniombea na nawashukuru kwa dhati. Ila maombi yalikuwa yakiisha Jumapili mchana, na jioni nilikuwa peke yangu na chupa ya soda yenye kisicho soda. Kundi lilinipa mtu wa kupigia simu jioni hiyo. Usiogope kuwa ni dhehebu. Hatua kumi na mbili za AA, mwongozo wetu wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, kila mmoja kadiri anavyomwelewa, na Mwislamu ana nafasi sawa na Mkristo.

Dada yangu, hili ni lako. Utawakuta wanaume wengi kuliko wanawake, kwa sababu mwanamke mlevi huficha zaidi, na akijulikana husemwa zaidi. Omba namba ya mwanamke aliyetangulia, naye ndiye awe mdhamini wako, yaani mwenzako wa kukushika mkono katika safari hii. Kama kundi la kwanza halikukaa vizuri moyoni, jaribu lingine kabla ya kuamua. Ipo pia mikutano ya Zoom kwa aliye mbali na mji. Familia nazo zina Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1951. Hiyo ni ya mke, mume, mzazi na mtoto, hata kama mlevi mwenyewe bado anakunywa.

Kwangu mimi Januari ndiyo mwezi mgumu. Shule zinafunguliwa, yunifomu zinahitajika zote kwa pamoja, pesa inaingia mkononi kila saa, na zamani pesa hiyo ilikuwa na njia yake. Sasa mwezi huo ndio nahudhuria zaidi. Siku ya mkutano nafunga kibanda mapema hata kama foleni ipo, na mzazi akilalamika namwambia aje kesho asubuhi, sketi itakuwa tayari.